"Quiet" si kimya tu: mwongozo kamili wa kulielewa na kulitumia neno hili la Kiingereza

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi niliiandika kwa Kiingereza, nikaisoma mara nne, nikaipeleka kifua mbele. Mstari wa tatu ulisema: "I am quiet familiar with office work." Nilitaka kusema kwamba kazi za ofisini nazifahamu vya kutosha. Kwenye usaili, mzee mmoja wa jopo aliishika ile karatasi kwa vidole viwili akaniuliza, "Kijana, hizi kazi za ofisi unazifahamu kimyakimya? Ni siri?" Wenzake wakacheka. Kazi sikupata, ingawa sidhani kama ni kwa sababu ya herufi mbili zilizobadilishana nafasi.

Tangu siku hiyo neno "quiet" na mimi tumekuwa watani. Ni neno tunalolijua mapema mno. "Keep quiet!" ni miongoni mwa sentensi za kwanza za Kiingereza ambazo mtoto wa Afrika Mashariki huzielewa bila kutafsiriwa, kwa kuwa huja pamoja na fimbo, au angalau na jina lako kuandikwa ubaoni kwenye orodha ya "noisemakers". Na kwa kuwa tulilijua mapema, hatukurudi tena kulichunguza. Tukaamini kuwa "quiet" ni kimya, basi, tukaendelea na maisha. Matokeo yake mtu anamaliza chuo kikuu akiwa bado anaandika "the place was silence" na "he is a polite man" akimaanisha mpole.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kulirudia neno hilo taratibu. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwani ya pili ndiyo inayozibeba zote zinazofuata.

Hatua ya 1: Nyoosha ulimi na herufi

"Quiet" lina silabi mbili: KWAI-et. Mkazo uko kwenye ya kwanza, na ya pili inatamkwa kwa ulegevu kana kwamba inataka kumezwa. "Quite" lina silabi moja tu, kwait, na maana yake ni kiasi fulani, au sana, au kabisa, kutegemea anayezungumza ametoka wapi. "Quit" ni kwit, yaani kuacha. Yatamke huku ukipiga makofi: "quiet" makofi mawili, "quite" kofi moja.

Shida yetu inatoka nyumbani. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo ulimi unaongeza irabu mwishoni, na maneno yote mawili yanageuka kuwa "kwaiti". Ukishayatamka sawasawa, mkono nao utayaandika sawasawa. Dawa niliyojitengenezea mwenyewe ni hii: "quiet" linaishia na "et", ambayo ni "eti" iliyokatwa mkia. Eti, nyamaza! Usitegemee programu ya kusahihisha tahajia ikuokoe, kwa sababu maneno yote matatu yako kwenye kamusi na mengi ya makosa haya yatapita bila kupigiwa mstari mwekundu.

Kinachochekesha ni kwamba maneno haya matatu ni ndugu. Yote yanarudi kwenye Kilatini, kwenye neno "quies", yaani pumziko, na "quietus", aliyetulia au aliyepumzika. Yalipitia Kifaransa cha kale kabla ya kuingia katika Kiingereza cha Zama za Kati. Aliyepumzishwa deni akawa "quit", kaachiliwa. Kilichokamilika bila kubakiza deni kikawa "quite", kabisa. Na Wakatoliki wanaijua mizizi hiyo bila kujua kwamba wanaijua: misa ya "requiem" imepata jina lake kutokana na maneno ya Kilatini ambayo sisi tunayasali hivi, "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Raha. Kwa hiyo tangu asili yake "quiet" halikuhusu masikio peke yake. Lilihusu kupumzika, kutosumbuliwa, kutotikiswa. Shika hilo, maana hatua inayofuata imejengwa juu yake.

Hatua ya 2: Kabla ya kutafsiri, uliza ni nini kilichotulia

Kiswahili kimeligawa eneo hili kwa maneno mengi. Sauti ikikosekana tunasema kimya. Mwendo au vurugu ikikosekana tunasema utulivu. Bahari na hali ya hewa zina neno lao, shwari, ambalo siku hizi limehamia hata kwenye salamu: "Mambo shwari?" Tabia ya mtu ni upole, au tunasema ni mkimya. Biashara na miji hupoa. Na jambo linalofanywa bila wengine kujua hufanywa kimyakimya, au chini kwa chini.

Mwingereza, katika nyingi ya nafasi hizo, anatoa neno moja tu. Ndiyo maana ukikutana na "quiet" usikimbilie kimya. Jiulize: kilichotulia hapa ni sauti, ni mwendo, ni tabia, ni biashara, au ni macho ya watu?

"A quiet engine" ni injini yenye mlio mdogo. "A quiet street" ni mtaa uliotulia, na hapa tafadhali usiseme mtaa ulio kimya. Kwetu mtaa ukiwa kimya saa nne asubuhi kuna jambo: ama msiba, ama kuna gari la polisi limepita. "A quiet evening at home" ni jioni ya kupumzika nyumbani, hata kama redio inaimba. "A quiet wedding" ni harusi ya watu wachache isiyo na mbwembwe, bila msafara wa magari wala mshereheshaji wa kupiga kelele. Wageni wake wanazungumza na kucheka kama kawaida. "Quiet colours" ni rangi zisizowaka. "Quiet pride" ni fahari ya moyoni isiyotangazwa.

Halafu kuna "business is quiet". Hiyo ni lugha ya muuza duka anayeangalia barabara: wateja hakuna, biashara imepoa. Angalia jinsi neno hilohilo linavyobadili sura kulingana na anayelitamka. Mpangaji akisema "it's a quiet town" anausifu mji. Mwenye baa akisema hivyohivyo analalamika. Kiswahili hakikuruhusu kuficha msimamo wako namna hiyo. Ukisema mji umetulia unasifu, ukisema mji umepoa unalalamika, na mfasiri analazimika kuchagua upande.

Hatua ya 3: Tenganisha "quiet" na "silent"

Hapa ndipo wengi tunapoangukia, kwa sababu kamusi zetu ndogo zinayapa maneno yote mawili maana ileile.

"Silent" ni hakuna sauti. "Quiet" ni sauti ipo, ila ndogo, haisumbui. Ukilikumbuka hili peke yake utakuwa umemaliza nusu ya kazi. "She spoke quietly" maana yake alisema kwa sauti ya chini. "She spoke silently" ni kama kusema alizungumza bila kuzungumza. Mshairi anaweza kuruhusiwa, wewe kwenye barua pepe ya kazini hapana. "Quiet music" ni muziki laini. "Silent music" ni kitendawili.

Vijana wetu wanaokwenda kusoma Uingereza wanalipata somo hili maktabani. Maktaba nyingi za vyuo vikuu kule zimegawa sehemu za kusomea: kuna "quiet study" na kuna "silent study". Kwenye ya kwanza unaweza kumnong'oneza mwenzako, kuazima kalamu, hata kujadiliana kwa sauti ya chini. Kwenye ya pili hata kutafuna bisi kutakuletea macho ya watu. Mgeni anayeamini kuwa yote mawili ni "kimya" ataaibika kwenye moja, au atajinyima bure kwenye nyingine. Treni nazo hivyohivyo. Marekani, baadhi ya treni za kampuni ya Amtrak zina behewa linaloitwa "Quiet Car": simu hupigi wala hupokei ukiwa kwenye kiti chako, lakini kuzungumza na jirani kwa sauti ya chini kunaruhusiwa. Lingeitwa "Silent Car", lingekuwa kama chumba cha mtihani.

Wauza mashine, nao, wameliharibu neno hili kwa tamaa. Ukienda kununua jenereta utaambiwa hii ni "silent". Iwashe. Mnong'ono wa binadamu ni kama desibeli 30 na mazungumzo ya kawaida ni kama 60; jenereta hizo nyingi huvuma kwa 60 na zaidi ukiwa umesimama hatua chache tu kutoka ilipo. Ni "quiet" ukiilinganisha na ile ya kinyozi wa jirani, lakini "silent" ni maneno ya sokoni.

Kuna mahali ambapo "silent" limeshika kiti na "quiet" haliruhusiwi kabisa. Simu inawekwa "on silent". Herufi isiyotamkwa, kama "k" ya "knee" au "b" ya "doubt", ni "a silent letter". Filamu za zamani zisizo na sauti ni "silent films". Kusoma kimoyomoyo ni "to read silently", na dua ya kimoyomoyo ni "a silent prayer". Mtu aliyekamatwa ana "the right to remain silent", haki ya kunyamaza. Maneno hayo yalipata umaarufu kutokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1966 katika kesi ya Miranda, na Katiba ya Kenya ya 2010 inayo haki hiyohiyo katika ibara ya 49. Huwezi kumwambia mshitakiwa kuwa ana "the right to be quiet". Hiyo itamaanisha ana haki ya kutopiga kelele.

Na nomino yake ni "silence". Dakika moja ya kimya kumkumbuka marehemu ni "a minute's silence". Waingereza hukaa dakika mbili kila tarehe 11 Novemba saa tano asubuhi, desturi iliyoanza mwaka 1919, mwaka mmoja baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kusimama, na wanaiita "the two minutes' silence". "Quiet" nalo linaweza kuwa nomino, lakini ni nomino ya pumziko: "I need some peace and quiet", nataka kupumzika, msinisumbue. Katika msemo huo "peace" hutangulia. Hakuna anayesema "quiet and peace".

Hatua ya 4: Ing'amue sentensi "alikaa kimya"

Chukua sentensi hii nyepesi: Juma alikaa kimya. Iweke kwa Kiingereza.

Ukiandika "Juma kept quiet" umesema alinyamaza, hakutoa neno, pengine alikuwa amesimama wima. Ukiandika "Juma sat quietly" umesema aliketi, tena bila fujo. Kiswahili kinabeba maana zote mbili kwa pamoja, kwa sababu "kaa" ni kuketi na pia ni kubaki katika hali fulani. Kiingereza kinakudai uamue. Nimeona tafsiri nyingi ambamo watu wanaketishwa chini bila sababu: waziri anaulizwa swali bungeni akiwa amesimama, anakaa kimya, na kwenye habari ya Kiingereza tunasoma "the minister sat quietly".

Kutoka hapo kanuni ya sarufi inajieleza yenyewe. Ikiwa unataja hali, tumia "quiet": "be quiet", "keep quiet", "stay quiet", "go quiet". Ikiwa unaeleza namna kitendo kilivyofanyika, tumia "quietly": "sit quietly", "leave quietly", "close the door quietly". Kwetu neno "kimya" halibadiliki hata chembe, liwe hali au namna, ndiyo sababu mkono unasahau "-ly", au unaiongeza pasipotakiwa na kuzaa "stay quietly".

Kosa la pili la kisarufi linatokana na "ku-" na "pa-" zetu. Tunasema kulikuwa kimya, palikuwa kimya, bila kumtaja anayehusika. Kiingereza hakina kiambishi cha mahali cha namna hiyo. Kinaweka "it" isiyo na maana yoyote, ya kuziba pengo tu. "It was quiet." "It was very quiet in the house." Usiandike "there was quiet in the house", na zaidi ya yote usiandike "the house was silence", maana hapo umeweka nomino pahali pa kivumishi. Ukiitaka nomino, basi: "There was silence in the house."

Kulinganisha ni rahisi: "quieter", "quietest". "More quiet" utaisikia, hasa Marekani, lakini ukiandika "quieter" hakuna atakayekurekebisha popote.

Na ile amri ya darasani? "Be quiet!" anaambiwa anayepiga kelele sasa hivi: nyamaza. "Keep quiet" kwa wenye lugha yao hubeba zaidi maana ya kuendelea kunyamaza, au kutunza siri: "Keep quiet about it", hilo usilitoe nje. Walimu wetu wameifanya "keep quiet" kuwa nyamaza ya kawaida. Hilo halina ubaya, utaeleweka. Lakini ukimpigia Mwingereza kelele za "keep quiet!" kwenye kikao, jua kwamba kwake ni ukali wa mwalimu kwa mtoto. Mtu mzima anaambiwa "could you keep it down, please?"

Hatua ya 5: Elewa "quiet" kwa watu, na umwache "polite" apumzike

Mpole. Karibu kila mwanafunzi niliyewahi kumsaidia anaandika "polite". Sijui nani alitufundisha, lakini kosa hili lina vizazi. "Polite" ni mwenye adabu, anayesema tafadhali na asante. Tapeli anaweza kuwa "polite" kuliko sote. Mpole ni "gentle", na mara nyingi, ukimaanisha mtu asiye na makeke, ni "quiet". Mkimya, mtu wa maneno machache, ni "quiet" bila ubishi: "He's a quiet man."

"A silent man" ni kitu kingine. Huyo ni mtu ambaye hapo ulipomwona hakusema neno, au ana ukimya mzito unaotia watu mashaka. Na anayezungumza kwa sauti ya chini na laini, kama wazee wengi wa pwani, ni "soft-spoken"; hiyo ni sifa.

Tahadhari moja kwa wanaoandika barua za kuwapendekeza vijana masomoni nje. Kwetu kusema kijana ni mkimya ni kumpamba: ana adabu, hana makuu. Msomaji wa Marekani akiona "she is a quiet student" anaweza kuelewa kwamba binti hachangii darasani. Kama ulimaanisha utulivu wa akili, andika "calm" au "thoughtful" kisha utoe mfano wa alichofanya. Usimfungie mtoto mlango kwa sifa.

Na WhatsApp je? "Mbona kimya?" Watu wanaandika "why silent?" au, kibaya zaidi, "why are you silent to me?", ambayo inasikika kama malalamiko ya mchumba. Sema "You've been quiet lately", umekuwa kimya siku hizi. Ukiomba radhi kwa ukimya wako: "Sorry I've been quiet." Na kundi likinyamaza ghafla baada ya mtu kuulizia michango: "The group has gone quiet."

Hatua ya 6: "Still" na "calm", kwa ufupi

Katika Injili ya Marko, sura ya 4 mstari wa 39, Yesu anaukemea upepo. Biblia ya Kiswahili inasema: "Nyamaza, utulie. Upepo ukakoma, kukawa shwari kuu." Biblia ya Kiingereza ya King James imeandika "Peace, be still", kisha "there was a great calm". Mstari mmoja umetupa kila kitu: "still" ni kutulia, kuacha kutikisika, "calm" ni shwari, utulivu unaokuja baada ya tufani au pahali ambapo tufani ingeweza kuwapo. Neno "quiet" halikuhitajika.

Mtoto anaweza kuwa "quiet" bila kuwa "still": hasemi neno lakini miguu inacheza chini ya meza. Hotelini ukiulizwa "still or sparkling?", wanauliza maji yasiyo na gesi au yenye gesi. Mabaharia nao wana kipimo cha upepo cha Beaufort, na namba yake 0 inaitwa "calm": moshi unapanda wima, bahari kama kioo. Nahodha wa jahazi anaita shwari, na hafurahi, maana tanga halina kazi. Kwa moyo wa mtu, "calm down" ni punguza hasira. Usiseme "quiet down" kwa mwenye hasira asiyepiga kelele. Huna cha kupunguza. Na "l" ya "calm" haitamkwi. Ni "silent", kama tulivyoona.

Hatua ya 7: Misemo michache ya kukariri

"A quiet word" ni mazungumzo ya faragha. Bosi akisema "Can I have a quiet word?", anakuita pembeni, na kwa kawaida hakuitii zawadi. "On the quiet" ni chini kwa chini. Hiyo ni ya Waingereza zaidi. "As quiet as a mouse" ni kimya kama panya, mfano ambao aliyewahi kulala kwenye nyumba ya dari la mbao ataushangaa. Kwenye viwanja vya tenisi mwamuzi husema "Quiet, please" kabla mchezaji hajapiga mpira wa kuanzia, na wanaopiga filamu huita "Quiet on set!"

"Quiet quitting" ulivuma mitandaoni mwaka 2022. Wengi waliutafsiri kama kuacha kazi kimyakimya. Hapana. Mhusika haachi kazi. Anafanya yale tu yaliyo kwenye mkataba wake, saa ikifika anafunga kompyuta, hajitolei zaidi. Tuna mgomo baridi, ambao unakaribia, ila mgomo baridi ni wa kundi lenye dai. Huyu yuko peke yake na hana dai lolote isipokuwa jioni zake. Mimi ningesema anafanya kazi kwa kipimo cha mshahara.

Kitenzi chake kinatofautiana kati ya pande mbili za bahari. Mmarekani husema "quiet the baby" na "quiet down". Mwingereza huongeza "-en": "quieten the baby", "quieten down". Chagua upande mmoja ukae nao katika andiko lote. Kumbembeleza mtoto, hata hivyo, ni "soothe". Kubembeleza kuna huruma ambayo "quieten" haina. Na "disquiet" ni wasiwasi, ile hali ya moyo kukosa pumziko, ambapo Kilatini cha kale kinachungulia tena.

Hatua ya 8: Jaribu mwenyewe

Tafsiri sentensi hizi kabla ya kusoma majibu yangu: Nyumba ilikuwa kimya jii. Walimwondoa kazini kimyakimya. Mtaa wetu umetulia. Alipoulizwa, alikaa kimya. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ya kwanza ina "jii", na "jii" haiachi hata mlio wa mende, kwa hiyo ni "The house was completely silent". Ya pili ni "He was quietly removed from his job". "Silently" ingemaanisha walimbeba bila kutoa sauti. Ya tatu, "Our street is quiet". Ya nne, "When asked, he said nothing", au "he kept quiet"; kwenye habari ya mahakamani, "he remained silent". Kiti kibaki mahali pake.

Ya tano imenisumbua miaka. Wengi huipa jibu la "Still waters run deep", lakini methali hiyo inamsifu mtu mkimya kwamba ana kina, wakati yetu inaonya kwamba kuna kishindo kinakuja. "The calm before the storm" inakaribia zaidi, ila imepoteza ile mantiki ya kwamba urefu wa kimya ndio unaoleta ukubwa wa mshindo. Siku hizi naiandika hivi: "A long silence ends with a great bang." Nimeweka "silence" kwa makusudi. "Quiet" lingeacha nafasi ya mnong'ono, na kwenye methali yetu hakuna aliyenong'ona.